Hukugundua Chochote, Ulionyeshwa Njia

Wasee, leo utani ni kidogo. Kaeni na chai, hii ni ndefu.

Mwaka jana niliposti video ya maporomoko ya maji huku kwetu Bomet, upande wa Silibwet. Sekunde 40, picha za droni, muziki wa kusisimua, na maandishi makubwa juu: NIMEGUNDUA SIRI YA BOMET. Ile kitu ilivuma mbaya. Wiki moja nilipata wafuasi wengi kuliko niliopata mwaka mzima. Nikaenda nayo kwa gogo wangu nikiwa najisikia. (Kwa wasio Wakalenjin: gogo ni nyanya, si gogo la mti. Tulieni.) Gogo akaangalia hadi mwisho, akanirudishia simu, akauliza swali moja tu:

"Umegundua nini hapo? Si ndipo tulikuwa tunachota maji nikiwa msichana?"

Nilicheka. Nikamwambia gogo, hiyo ni lugha ya mtandao tu, usijali. Yeye hakucheka.

Sasa miezi mitatu iliyopita nikapata kazi. Hoteli moja, sitaitaja, ilitaka video za kuuza mashamba ya chai ya Kericho kwa watalii. Pesa nzuri, shilingi 40,000 kwa siku mbili. Kwa mtu wa miaka 23 anayelipa kodi kwa kuomba Mungu, hiyo si pesa ya kuchezea. Halafu wakanitumia maelekezo. Nivae kaki, kofia ile ngumu nyeupe ya wazungu wa kitambo, darubini shingoni, ramani ya kuzeeka mkononi. Nitembee katikati ya majani nikitazama mbali, na nyuma yangu wawepo wachumaji wawili watatu na vikapu vyao, "kwa ajili ya mandhari". Wakaniambia kama nataka kuelewa hisia wanazotafuta, nitazame muvi fulani ya mwaka 1990 inayoitwa Mountains of the Moon.

Nikaitazama. Niliitazama na gogo, kwenye laptopu, jikoni kwake, mvua ikinyesha vile hunyesha Bomet saa nane mchana. Nikimtafsiria Kiingereza kwa Kipsigis. Na ndiyo maana naandika leo.

Kwanza niwe mkweli: ni muvi poa. Sitaki mtu aje kwa komenti kusema nachukia sinema. Imeongozwa na Bob Rafelson. Inasimulia safari ya Richard Burton na John Hanning Speke, Waingereza wawili walioondoka Zanzibar mwaka 1857 kutafuta chanzo cha mto Nile. Speke ameigizwa na Iain Glen. Ndiyo, Jorah Mormont wa Game of Thrones, akiwa kijana. Burton ni Patrick Bergin. Delroy Lindo, yule mzee mliyempenda kwenye Sinners, naye yumo, anaitwa Mabruki. Picha ni safi, wazungu wenyewe hawajaoshwa wakawa malaika, na kuna ile sehemu mdudu anaingia sikioni mwa Speke anajaribu kumtoa kwa kisu. Hiyo ilitokea kweli, Speke aliiandika mwenyewe. Gogo alifunika macho.

Lakini katikati ya muvi, msafara ukipita, gogo alinyoosha kidole kwenye skrini. Hakumwonyesha Burton wala Speke. Alimwonyesha mtu wa tatu kwenye mstari, mwenye sanduku kichwani, aliyeonekana kwa sekunde mbili hivi.

"Huyu anaitwa nani?"

Nikasema sijui, gogo. Huyo hana jina.

"Na huyu wa nyuma yake?"

Pia huyo hana.

Mjue gogo alichuma chai miaka mingi kwa kampuni, upande wa Kericho, kikapu mgongoni tangu alfajiri. Anajua uzito wa mzigo kwa kumtazama mtu shingo. Akasema: "Hao ndio wanatembea. Hawa wawili wanabishana tu."

Manze, sijawahi kusoma uchambuzi wa sinema uliozidi huo.

Sasa tuingie kwenye ukweli wenyewe, maana muvi inaonyesha kidogo na kunyamaza sana.

Burton na Speke waliingia bara kutoka pwani ya Tanzania ya leo. Mnawaza walikuwa wanakata msitu na panga, sivyo? Hapana. Walifuata barabara ya biashara. Wanyamwezi na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wameipita njia hiyo miaka na miaka kabla yao. Novemba 1857 walifika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, wakapokelewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Huyu ndiye aliyewaeleza kwamba bara lina maziwa makubwa zaidi ya moja, na kwamba moja liko kaskazini. Ni kama kufika stendi, makanga akuambie matatu ya Kisumu ni ile pale, halafu ukifika Kisumu uandike kitabu kwamba umeigundua.

Februari 1858 wakafika Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika. Ujiji ulikuwa mji wa soko tayari. Burton alikuwa mgonjwa, miguu haifanyi kazi, anabebwa kwa machela. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, haoni vizuri. Rudieni hiyo sentensi. Mmoja hawezi kutembea, mwingine haoni. Na vitabu vinasema hao wawili ndio Wazungu wa kwanza "kuliona" ziwa Tanganyika. Buda, mmoja hakuliona! Aliona ukungu tu.

Miezi michache baadaye Speke alipata nafuu, akamwacha Burton Kazeh, akaelekea kaskazini. Tarehe 3 Agosti 1858 akafika karibu na Mwanza, akaona maji makubwa. Watu wa pale walishayaita Nyanza. Wengine waliita Ukerewe. Waganda wana Nalubaale. Wajaluo wana Nam Lolwe. Yeye akakaa siku chache, akapima joto la maji yanayochemka ili ajue urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, akaamua moyoni kwamba hapa ndipo Nile inaanzia, na akalipa ziwa jina la malkia wake. Hakulizunguka. Baadaye ilionekana hisia yake ilikuwa ya kweli, na hapo tumpe haki yake. Lakini kubahatisha vizuri si sawa na kumiliki.

Sasa swali la gogo: nani alikuwa anatembea?

Mmoja wao alikuwa na jina, na jina lenyewe ni hadithi. Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa kwa Wayao, kusini mwa Afrika Mashariki. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa Kilwa, akapelekwa Zanzibar, kisha India. Alifanya utumwa huko miaka mingi, hadi bwana wake alipokufa naye akapata uhuru, akarudi Zanzibar. "Sidi" ni vile Wahindi walikuwa wakiwaita Waafrika. "Bombay" ni mji. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa. Mtu aliyeitwa kwa jina la bandari ndiye alikuwa anawaongoza watu waliokuja kutoa majina kwa maziwa yetu.

Na hii nayo ilinimaliza: Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Yeye na Bombay waliongea Kihindustani cha kuunga unga, kwa sababu wote wawili walikuwa wamekaa India. Kwa hiyo kila kitu Speke "alichojifunza" ndani ya Afrika Mashariki, njiani kwenda ziwa kubwa, kilipita kinywani mwa Bombay. Toa Bombay, Speke ni mgeni bubu aliyepotea.

Na Bombay hakuishia hapo. Mwaka 1860 akaenda tena na Speke, pamoja na James Grant, safari iliyofika Jinja mwaka 1862 ambapo Nile inatoka ziwani. Mwaka 1871 alikuwa kwenye msafara wa Stanley, ule uliomkuta Livingstone Ujiji. Kisha akaenda na Verney Lovett Cameron kutoka Bagamoyo mwaka 1873 hadi bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Kutoka bahari moja hadi nyingine, kwa miguu! Safari nne kubwa zilizowapa Wazungu sanamu na vitabu, mtu mmoja yule yule yumo katika zote nne. Wao walibadilika, yeye alibaki.

Alilipwa nini? Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha, na mwaka 1876 ikampa pensheni. Burton na Speke walipewa za dhahabu. Speke mwenyewe anasimulia kwenye kitabu chake alivyompiga Bombay ngumi. Stanley naye alimwadhibu. Kwenye muvi yumo, ameigizwa na Paul Onsongo, na kwa haki ni mmoja wa Waafrika wachache wenye maneno ya kusema. Lakini muvi ni ya Burton na Speke. Mgogoro wake mkubwa ni nani kati ya Waingereza wawili atapata sifa. Speke anakufa Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mdahalo wao huko Bath, na sisi tunatakiwa kulia.

Mimi sikulia. Gogo alikuwa amelala.

Najua tayari kuna msee anaandika: "Lakini hiyo ni historia ya Tanzania na Uganda, wewe uko Bomet, inakuhusu nini?"

Nishike mkono twende pole pole.

Speke akisema chanzo cha Nile ni ziwa lile, ziwa lile likawa mali ya moto. Anayeshika chanzo cha Nile, ameshika Misri, ndivyo wakubwa wa Ulaya walivyofikiri. Mwaka 1894 Uingereza ikatangaza Uganda kuwa chini ya ulinzi wake. Ili kufika Uganda ikahitaji reli. Reli ikaanza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Kati ya Mombasa na ziwa kuna nani? Kuna sisi. Wakati huo upande wetu huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, mpaka ulipohamishwa mwaka 1902. Yaani hata hatukuwa Kenya bado, na tayari tulikuwa njiani mwa ramani ya mtu.

Wanandi walipinga zaidi ya miaka kumi. Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Mwaka huo huo wa 1905 jeshi la wakoloni lilivamia Sotik, Bomet yetu hii, likaua watu na kuchukua ng'ombe kwa maelfu. Nani kati yenu alifundishwa hiyo shuleni? Mimi nilifundishwa Vasco da Gama kwanza.

Kisha ardhi. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, maelfu ya ekari hapa Kericho zilitolewa kwa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani, ile mimea ya kutengeneza nguo. Kitani kikawashinda. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, zikaingia. Yale majani ya kijani tunayopigia picha za harusi yana umri wa miaka mia moja tu hivi. Hayakuota yenyewe. Kabla yake kulikuwa na watu, ng'ombe, na miji ya watu.

Na sasa sikilizeni hii. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuwahamisha Walaibon. Ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa Kipsigis na Wanandi, takriban watu 700, wazee na watoto, walitolewa Kericho wakapelekwa Gwassi, kwenye mbung'o na malaria. Gwassi iko wapi? Iko kando ya ziwa. Ziwa lipi? Lile lile. Ziwa ambalo Speke alilitazama siku chache akalipa jina la malkia ndilo serikali ya taji hilo ililitumia, miaka 76 baadaye, kuwa jela ya watu wa kwetu. Waliorudi karibu na uhuru walikuta chai imekaa mahali pao. Hadi leo wapo wanaodai. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu jambo hili mwaka 2021. Kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2022. Mfalme Charles alikuja Kenya mwaka 2023, akasema anasikitika sana juu ya mabaya ya ukoloni. Msamaha hakuomba.

Ndiyo maana kofia ile nyeupe si "mandhari", wasee. Ukiivaa na kusimama katikati ya chai ya Kericho, unasimama mwisho wa mstari ule ule ulioanza na mtu kutazama maji ya wenyewe na kusema nimegundua.

Sasa wapinzani. Nawasikia. Niwajibu.

Kuna wa "ni muvi tu". Sawa. Kama ni muvi tu, mbona hoteli ilinipa iwe maelekezo ya kazi, miaka zaidi ya 30 baadaye? Muvi ndiyo inatufundisha mtu mwenye safari anafanana vipi. Mtoto wa Kapkatet akiambiwa achore mpelelezi wa nchi, atachora kofia ile. Hatachora mtu anayefanana na baba yake, hata kama waliojua njia wote walifanana na baba yake.

Kuna wa "lakini walikuwa jasiri". Ndiyo, walikuwa. Burton aliwahi kuchomwa mkuki ukapita shavu hadi shavu kule Berbera mwaka 1855, na bado akarudi Afrika. Inasemekana alijua lugha zaidi ya 20. Mimi najua tatu na moja ni ya mtaa. Simnyimi Burton ujasiri. Nauliza tu: mpagazi aliyetembea njia ile ile, kwa homa ile ile, bila viatu, na kilo 30 kichwani, ujasiri wake uko sinema gani?

Halafu kuna wale, na hawa ni marafiki zangu, wanaotaka Bombay awe malaika na Wazungu wawe mashetani. Hapana pia. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu na watumwa. Barabara ya Ujiji ilikuwa na machozi ya Waafrika waliouzwa na Waafrika wenzao na Waarabu kabla Speke hajafika. Bombay mwenyewe ni ushahidi. Alikuwa mtu wa kulipwa, alikuwa na makosa yake, alisaidia kazi ambayo matunda yake mabaya hakuyaona, maana alikufa 1885. Sihitaji awe mtakatifu. Nahitaji awe mhusika mkuu. Burton alikuwa na makosa mengi na bado alipewa saa mbili na dakika kadhaa za muvi. Kwa nini Mwafrika mpaka awe safi ndipo tumtengenezee filamu?

Na kuna wa mwisho: "Lalamikeni, lakini bila Wazungu hata hiyo rekodi ya Bombay hamngekuwa nayo." Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kidogo. Ni kweli, mengi tunayoyajua juu yake yametoka kwenye madaftari yao. Lakini hiyo haitulazimishi kushukuru na kunyamaza. Inatuonyesha mwenye kalamu ana nguvu gani. Leo kalamu iko mfukoni mwako, ina kamera tatu na bando la shilingi 50. Na tunaitumiaje?

Hapa ndipo nataka mnisikilize, maana hadi sasa nimepiga watu waliokufa, na hiyo ni rahisi.

Tazameni sisi. Sisi waunda maudhui wa safari. "Nimegundua mahali hapa ambapo hakuna mtu anajua." "Siri iliyofichika ya Rift Valley." "Wa kwanza kufika hapa!" Msee, wa kwanza kufika wapi? Kuna mama nyuma yako anafua nguo! Tunaweka majina yetu wenyewe kwenye vilima. Tunaficha mahali ili wengine wasije, ama tunakataa kusema jina kwa sababu hatukuuliza. Tunafika saa nne, tunaondoka saa saba, kama Speke pale Mwanza, na tunarudi Nairobi na hadithi.

Mimi ni wa kwanza kushtakiwa. Ile siku ya maporomoko, sikuyafikia mwenyewe. Kuna kijana wa pale, wa kidato cha pili, alinipeleka. Alinionyesha mahali pa kukanyaga ili nisiteleze. Alinibebea tripodi na begi la droni kupanda na kushuka. Nilimpa soda na shilingi 200, nikaona nimefanya vizuri sana. Kisha usiku, nikihariri, kuna picha moja nzuri ambayo yeye alikuwa amesimama pembeni na begi langu mgongoni. Alikuwa anaharibu fremu.

Nikamkata.

Sikufikiria hata sekunde moja. Nilibonyeza, akatoka. Sikumbuki kama niliuliza jina lake. Gogo alipouliza juu ya yule wa tatu kwenye mstari, ndiye huyo aliyenijia kichwani, na nilinyamaza sana kuliko alivyojua.

Kwa hiyo nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilikataa kazi ya hoteli. Nilijaribu kuwaomba tubadilishe: mchumaji awe mbele, aongee, aeleze majani mawili na chipukizi yanachumwaje, alipwe kama mimi. Walisema hadhira yao haitaki hiyo. Basi. Shilingi 40,000 zikaenda kwa mwenzangu, nimeona video, amevaa kofia, imependeza, na sina kinyongo naye kwa sababu najua kodi. Lakini mamangu bado hajanisamehe kabisa. Anasema kanuni hazijazi sufuria. Mama ana pointi. Nilikula sukuma ya mkopo wiki mbili.

La pili, nilirudi Silibwet. Nikauliza kwenye duka, nikaelekezwa, nikampata yule kijana akitoka shule. Alinikumbuka. Aliniuliza video ilitoka? Nikamwambia ilitoka. Akauliza, "Nilionekana?"

Jaribuni nyinyi kujibu hilo swali.

Nimetoa ile video ya zamani, pamoja na watazamaji wake wote. Iliniuma, sitadanganya. Mpya iko juu sasa. Yeye ndiye anaongoza, yeye ndiye anaongea, kwa ruhusa ya mzazi wake, na pesa zake zimeingia kwa simu ya mama yake. Yeye ndiye anatamka jina la mahali, kwa Kipsigis, na anaeleza kwa nini panaitwa hivyo. Ina watazamaji robo ya ile ya kwanza. Ni sawa.

Kwenu nyinyi mnaobeba kamera, ombi langu ni dogo. Uliza jina la mahali, ulitumie. Uliza jina la aliyekupeleka, uliandike juu, si chini kabisa pale hakuna mtu husoma. Mlipe kama mwongozaji, maana ndiyo kazi aliyofanya. Na futa neno "nimegundua" kwenye simu yako. Sema "nilipelekwa". Sema "nilionyeshwa". Halikupunguzii kitu.

Kwenu mnaotengeneza filamu hapa Kenya na Tanzania: ziwa Rudolf lilirudi kuwa Turkana mwaka 1975. Thomson's Falls ni Nyahururu. Majina hurudi watu wakitaka. Tengenezeni muvi ya mtu aliyeuzwa Kilwa, akasahauliwa jina lake, akarudi kutoka India, akatembea kutoka bahari hadi bahari, na wakati wote huo akiwatafsiria wagonjwa wawili wanaogombana. Hiyo mimi nitalipia tiketi. Nitamlipia na gogo.

Aliamka muvi ikiisha, majina yakipanda kwenye skrini nyeusi. Akauliza kama yamo majina ya wale wa masanduku. Nikamwambia ni marefu, gogo, na yanapita haraka. Akasema nirudishe nyuma, tusome polepole, mvua bado haijaisha.

Tukarudisha.